Anavaa nguo za kanisani, kanisani hafiki

Mama Mlezi, Tumsifu Yesu Kristo.

Leo nimefunga cherehani mapema kwa sababu mkono hautulii. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mwanakwerekwe hapa Unguja, nashona sare za skuli. Mume wangu anafanya kazi bandarini. Sote ni Waanglikana na wazee wetu wametoka Muheza, lakini watoto wamezaliwa hapahapa, na rafiki zao wote ni wa hapa.

Mkubwa ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Alikuwa mtoto wa kanisani hasa. Alianza kutumikia altareni akiwa na miaka 9, baadaye akapewa chetezo, na siku za sikukuu nilikuwa simtazami padri, namtazama yeye. Mwaka jana alipata kipaimara. Askofu alimwekea mikono, tukapika pilau, majirani zetu Waislamu wakaja wakala nasi. Tangu hapo amekuwa akijitoa kidogo kidogo. Kwanza aliacha kutumikia. Kisha akasema Jumapili ana tuisheni saa nne, kwa hiyo atakuwa anasali misa ya kwanza peke yake, na mimi na mdogo wake tuendelee na misa ya pili. Nikakubali, maana mtihani wa kidato cha pili si wa kuchezea.

Wiki tatu zilizopita mama mmoja anayesali misa ya kwanza akaniuliza kama mwanangu anaumwa, mbona hawamwoni tangu Krismasi. Mama Mlezi, nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe kila Jumapili anatoka na shati jeupe nililolipiga pasi kwa mkono wangu, anapanda daladala, anakwenda kukaa Mnazi Mmoja kutazama watu wakicheza mpira mpaka saa ya tuisheni ifike.

Nilipombana hakukataa. Aliniambia mambo mawili. La kwanza, siku moja baada ya misa mzee mmoja wa kanisa alimsimamisha mlangoni mbele ya watu, akamshika kichwa (alikuwa amenyoa kiduku kama wenzake), akasema altare si kijiwe cha wahuni. Watu wakacheka. La pili ndilo lililonikata maini. Skuli wenzake humuuliza: Mungu atakuwaje na mwana? Watatu wanakuwaje mmoja? Hawamuulizi kwa ubaya, ni rafiki zake wa kufa na kuzikana. Swali hilo alilipeleka kwa mwalimu wake wa mafundisho ya kipaimara, akajibiwa kwamba maswali hayo analeta shetani. Akaniambia, "Mama, wao wana majibu. Mimi sina hata moja. Sasa kanisani niende nikafanye nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilinyanyuka nikamtengea chai.

Baba yake anasema kosa ni uongo na dawa yake ni fimbo, na likizo ikifika atampeleka Muheza kwa bibi yake akanyooshwe. Kila nikimsihi ananisomea Mithali 22:6, "Mlee mtoto katika njia impasayo." Na huyu binti yangu mdogo wa miaka 9 naye ameanza yake. Ramadhani alifunga nusu siku na wenzake, na juzi kaniuliza kwa nini yeye haendi chuoni (madrasa) jioni kama rafiki zake. Naona nyumba nzima inaniponyoka. Nimekosea wapi?

Mama wa Mwanakwerekwe

JIBU

Milele amina, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama mahali pamoja: "Sasa kanisani niende nikafanye nini?" Baba yake katika habari hii amesikia uongo. Wewe umesikia imani inakufa. Mimi nimesikia kijana ambaye bado anauliza. Alimuuliza mwalimu akafukuzwa, na bado akapata moyo wa kukuuliza wewe. Kijana aliyekwisha kuachana na kanisa angekwambia hataki, akalala.

Fungua Luka, mlango wa pili, mstari wa 41 na kuendelea. Yesu ana miaka 12. Wazazi wake wanarudi kutoka Yerusalemu, wamekwenda mwendo wa kutwa nzima, wakidhani yumo katika msafara pamoja na ndugu na jamaa. Hayumo. Huyo ni Mariamu, mdogo wangu, mama tunayemwita mbarikiwa, na mtoto alimpotea siku nzima kwa kudhani yuko na wenzake. Nawe ulidhani yumo misa ya kwanza. Kwa hiyo lile swali lako la mwisho, umekosea wapi, liweke chini kwanza. Tazama walipomkuta baada ya siku tatu: ameketi katikati ya walimu, "akiwasikiliza na kuwauliza maswali". Hakuna mwalimu katika habari ile aliyemwambia maswali yake yametoka kwa shetani. Walistaajabia.

Sasa mwanao kauliza nini hasa? Ameuliza swali ambalo mwaka 325 maaskofu walikusanyika Nikea kulijadili: Mwana ni nani kwa Baba? Walibishana mpaka wakaandika maneno ambayo tunayakiri mpaka leo tukisimama kusema Nasadiki. Kijana wa miaka 15 akiuliza swali la Nikea anastahili kuwekewa kiti, na mwalimu wake asipokuwa na jibu aseme, "Sijui, tumuulize padri." Maneno hayo matatu tu yangetosha kumrudisha Jumapili iliyofuata.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nami nimefanya kosa hilo. Miaka mingi iliyopita nilipokuwa nafundisha Shule ya Jumapili, binti mmoja wa miaka 11 aliniuliza mdogo wake aliyefariki kabla ya kubatizwa yuko wapi. Niliogopa. Nikamwambia tuendelee na somo. Alikaa mpaka mwisho, akaimba na wenzake, na hakurudi tena darasani kwangu. Angalipata hata kilio changu ningekuwa nimempa kitu.

Jibu lenyewe mtalitafuta pamoja na padri, lakini nikupe pa kuanzia. Kiswahili chetu kinakufikisha mlangoni. Mwananchi hakutoka tumboni mwa nchi, na mwanamaji bahari haikumnyonyesha; neno "mwana" lina vyumba vingi. Mkristo anaposema Mwana wa Mungu hasemi hata kidogo kwamba Mungu alioa akazaa, na rafiki zake wakilikataa hilo, mwambie nasi tunalikataa pamoja nao. Tunachokiri ni kwamba Yesu ametoka kwa Baba kama mwanga utokavyo kwa mwanga: hakuna saa taa iliyowashwa ilikuwa inawaka na mwanga wake haujazaliwa. Hapo bado hujaufikia Utatu wote, na padri ana kazi ya kumpeleka mbele zaidi. Rafiki zake hawatakubaliana naye, na si lazima wakubaliane. Wana imani yao na wamefundishwa vizuri. Anachohitaji mwanao ni kukijua anachokiri, aweze kukisema kwa adabu, bila kutetemeka na bila kumdharau mtu, kisha waende wakacheze mpira.

Na hapa pa "wamefundishwa vizuri" nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye shida yetu kubwa sisi Wakristo wa visiwani. Piga hesabu. Mtoto wa jirani yako akienda chuoni saa mbili kwa siku, siku tano, hizo ni saa 10 kwa wiki. Mwanao anapata Shule ya Jumapili saa moja, tena siku mwalimu alipofika. Kwa mwaka mzima saa 52, na mwenzake amezimaliza saa hizo kabla ya wiki ya sita kwisha. Kisha tunawaweka dawati moja na tunashangaa wetu hana majibu! Jirani zetu hawakutukosea chochote hapo. Wanawachukulia watoto wao kama watu wanaostahili kufundishwa dini kila siku, na sisi tunawapa picha za kupaka rangi mpaka miaka 10, mafundisho ya kipaimara miezi michache, halafu kimya mpaka siku ya kutangazwa ndoa. Kati ya kipaimara na ndoa kuna miaka kumi na zaidi. Kanisa lako limempangia nini mwanao katika miaka hiyo? Nakuuliza wewe, lakini hasa nawauliza mapadri na wazee wa kanisa watakaoisoma safu hii.

Ndiyo maana swali la binti yako limenifurahisha. Anayetaka kwenda chuoni anataka kusoma dini yake. Mpe. Jioni mbili kwa wiki, nusu saa, kabla ya chakula, soma naye Marko tangu mwanzo, kisa kimoja kimoja, naye akusimulie upya kwa maneno yake. Waite na watoto wengine wa kanisani wanaokaa karibu. Kufunga nusu siku na wenzake usimkataze wala usilifanye jambo kubwa. Mwaka 2025 Kwaresima ilianza tarehe 5 Machi, Ramadhani ikiwa imeingia siku chache tu kabla, na watoto wetu waliona mtaa mzima umefunga. Ulikuwa wakati mzuri wa kuwaambia kwamba nasi tuna siku 40 zetu. Mfundishe Kwaresima yake, naye atajua anafunga kwa ajili ya nini. Sahani ya futari ikija kutoka kwa jirani, yeye ndiye airudishe, na isirudi tupu.

Turudi kwa kijana. Barua yako imetaja watu wazima watano katika maisha yake ya kanisa: wewe, baba yake, mwalimu, mzee wa kanisa, na yule mama aliyegundua hayupo. Baba yake wa ubatizo hukumtaja. Yuko wapi? Nakisia amehamishwa. Tunajua makanisa yetu ya Unguja na Pemba yalivyo: askari polisi, wanajeshi, watumishi wa serikali, watu wa mahoteli. Barua ya uhamisho ikija, kwaya inapoteza sauti ya tatu na mtoto anapoteza baba wa ubatizo. Wale wa mahotelini kaskazini na mashariki ya kisiwa, zamu zao za Jumapili ndizo zenye wageni wengi, kwa hiyo mwalimu mzuri wa watoto unamwona mara moja kwa mwezi. Mtoto anayekua katika kanisa la namna hii anajifunza mapema kwamba wakubwa hupita. Wewe na baba yake hamtoshi kuliziba pengo hilo, na si kwa sababu ni wazazi wabaya. Katika miaka 15 kijana anahitaji mtu mzima wa tatu, asiye mzazi wala mwalimu wa skuli, anayemjua kwa jina na atakayempigia simu asipomwona.

Mtafute huyo mtu wiki hii. Asiwe lazima mcha Mungu wa kusifika. Awe mkweli, asiyeshtuka upesi, na mkaaji wa hapa asiyetazamiwa kuhama. Mwombe padri akusaidie kumchagua. Wakutane penye watu, barazani au kwenye ua wa kanisa, kamwe si chumbani mlango umefungwa, na wewe ujue kila mara wako wapi. Sisemi hivi kwa kumshuku mtu. Kanisa linalowapenda watoto linaweka utaratibu huo kwa kila mtu, padri akiwemo.

Halafu apewe kazi. Chetezo alikibeba kwa sababu mtu alimwamini na moto. Sasa ana miaka 15, mikono yake imekua. Aandae vipaza sauti kabla ya misa, asome somo la kwanza, awafundishe wadogo kutumikia. Hili la kufundisha wadogo ndilo ningelianza nalo mimi. Atakayewafundisha watoto wa miaka 8 kushika chetezo ataulizwa maswali, na atalazimika kwenda kutafuta majibu.

Kuhusu mzee wa kanisa. Mwanao alidhalilishwa mbele ya watu, na aliyemdhalilisha anamdai samahani mtoto yule. Najua tunavyoona vigumu mtu mzima kumwomba radhi mtoto. Lakini yule mzee alimfungia mlango, na ni yeye mwenye ufunguo. Usiende wewe, ukienda litageuka ugomvi wa wanawake wa kanisa na fulani. Aende mume wako pamoja na padri, jioni, nyumbani kwake, bila kelele. Waseme: "Mzee wetu, kijana ameacha kanisa tangu siku ile ya nywele. Tunakuomba uje unywe chai kwetu umwambie neno." Wazee wengi wakiambiwa hivyo hulia. Akikataa, baba yake amwambie kijana waziwazi kwamba mzee alikosea. Kusikia hivyo kutoka kwa baba ni nusu ya samahani.

Na sasa nizungumze na baba mwenyewe, kama utampa asome. Shemeji, uongo upo, na mkaripie. Mwambie mama yake alilipiga pasi lile shati kila Jumapili na kwamba jambo hilo linauma. Lakini uzito wa aya unayoisoma uko kwenye neno "impasayo". Ni njia inayompasa yeye, kijana wa Mwanakwerekwe mwenye rafiki Waislamu na maswali mazito, ambaye wewe na mimi hatukuulizwa maswali hayo tulipokuwa na umri wake. Soma na Wakolosai 3:21, akina baba msiwachukize watoto wenu, wasije wakakata tamaa. Fimbo itamrudisha kwenye benchi kwa miezi michache, na atajifunza kudanganya vizuri zaidi. Muheza ni pazuri, na bibi yake ana haki ya kumwona mjukuu, lakini ampeleke likizo kama mjukuu. Ukimpeleka kama mfungwa, atakuja kukumbuka kwamba alipouliza habari za Mungu alihamishwa kisiwa.

Badala yake mpeleke Mkunazini, kwenye kanisa kuu letu la Mji Mkongwe, wewe na yeye tu, jioni watalii wakishapungua. Mnasali kanisa la mtaani na huenda hajawahi kuingia pale ila kwenye ibada kubwa. Mweleze kwamba lile kanisa lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lililokuwa hapo lilipofungwa. Kisha mrudishe nyuma zaidi, mwaka 1864, wamisionari wa kwanza wa kanisa letu walipofika Unguja. Watu wa kwanza waliokabidhiwa hawakuwa wazee wala masheha. Walikuwa wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa. Hawakuwa na baba wala mama hapa, na kwa watoto hao kanisa la Unguja likaanza. Mmoja wao, John Swedi, baadaye akawa shemasi. Mtoto mwingine aliyeletwa utumwani, Cecil Majaliwa, alisomeshwa Kiungani, skuli ya misheni, na mwaka 1890 akapewa upadri. Mwache akae na hayo, usimwongezee hotuba. Mkitoka, mkanunue urojo, umuulize na tuisheni inaendeleaje.

Nawe, mdogo wangu, usimkalishe kitako kumhoji. Vijana wa umri huo wakikalishwa hujifunga kama chaza. Mwite akushikie kitambaa unapokata, mikono yake ikiwa na kazi na macho yake yakiwa kwenye mkasi, naye atasema. Akisema jambo la kukutisha, usiache kukata. Na ukikosa jibu, soma naye Marko 9:24, yule baba aliyemlilia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumfukuza, na mwanawe alipona siku ileile.

Jumapili hii usimvute shuka. Mwambie Jumamosi usiku kwamba misa ya kwanza ni saa ileile, inaisha mapema kuliko tuisheni, na baba yake atakuwa kibarazani anavaa viatu. Akitoka, waende pamoja, akae popote atakapo, hata benchi la nyuma kabisa, na nywele zozote alizonazo. Asipotoka, baba aende peke yake. Wewe mwachie chai kwenye chupa na shati limetundikwa mahali pake.